Nilipeleka familia nzima ski Buffalo, magodoro ya dada yangu yakabaki hayajalaliwa

Wakuu, amani kwenu nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Naandika hii nikiwa break kazini, warehouse, hapa Columbus. Ni kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri kuliko hii niliyopata humu ndani, niaminini.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini lakini nimekulia kambini Kigoma, donc mkiona Kiswahili changu kina Tanzania kidogo na Congo kidogo, mnivumilie. Tunakaa Whitehall, mimi, bibi yangu Faida na watoto wanne. Na mkisoma "bibi" msifikirie nyanya. Kwetu bibi ni mke.

Bon. Haya mambo yalianzia kwa binti yangu mkubwa, Espérance.

Kila watoto wakirudi shule baada ya likizo ya baridi, mwalimu anawauliza mlienda wapi. Wenzao wanasema Florida, wengine wanasema ski, kuteleza kwenye theluji. Wangu wanasema tulienda kanisani, halafu tukaenda Morse Road kununua unga wa fufu. Siku moja mezani Espérance akaniambia, "Dad, we never go anywhere. We just visit people."

Neno hilo lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Kwa sababu ni kweli, wakuu. Sisi hatuendi mahali, tunaenda kwa watu. Nikikwambia nimefika Louisville mara nyingi, maana yake nimekaa sana kwenye sebule ya kaka yangu. Louisville yenyewe sijui ikoje. Najua kochi lake, najua TV yake, najua mlango wa choo unaogoma kufunga.

Basi nikasema mwaka huu tunaenda mahali. Familia nzima. Ski.

Nikampigia kaka yangu wa Louisville. Tunamwita Mukubwa, ni shemasi kanisani kwao, mtu wa suti hadi sokoni. Akaniuliza, "Ski ni nini ya kumupa mutu muzima?" Lakini simu ilikuwa kwenye speaker na watoto wake walikuwa wameshasikia. Hakuwa na la kufanya, akakubali.

Nikachagua mlima mmoja upande wa Buffalo. Karibu na Columbus kuna vilima vidogo, vingetutosha sisi wanagenzi, lakini nilichagua Buffalo kwa sababu dada yetu yuko huko. Hapo niliona nimepanga vizuri sana.

Sasa niwaeleze huyo dada, maana bila yeye hii story haina kitu.

Anaitwa Mapendo. Mimi namwita Yaya. Wabongo mtulie, kwetu yaya si msichana wa kazi, ni dada mkubwa. Tulipokimbia vita, mama yetu alikuwa mgonjwa, mimi sikuwa najua kutembea vizuri. Yaya ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka ziwani, naye alikuwa mtoto tu. Mama alipofariki kambini, Yaya akawa mama. Ndiye aliyenichapa, ndiye aliyenipeleka shule, ndiye aliyenipa jina la Kadogo, yaani mdogo. Jina langu ni Heri, lakini mpaka leo nina kitambi na ndevu bado ananiita Kadogo.

Alipelekwa Amerika kwa case, yaani faili la ukimbizi, tofauti na yetu, akatua Buffalo. Mume wake alifariki hukohuko. Anakaa na binti yake mmoja kwenye apartment ndogo, anafanya kazi ya kutunza wazee.

Na huko Buffalo, watu wetu wa kanisani wana desturi. Ukipata wageni wa familia, hununui magodoro. Unapita kwa watu unaomba. Huyu anakupa godoro, huyu blanketi, huyu sufuria kubwa. Wageni wakiondoka unarudisha. Yaya miaka yote alikuwa upande wa kutoa. Godoro lake limelaliwa na watu wa mikoa yote. Yeye mwenyewe hakuwahi kuomba, maana hakuna mtu wa tumbo moja naye aliyewahi kwenda kulala kwake. Sote tulikuwa tunasema Buffalo theluji ni nyingi, tutakuja wakati wa joto. Joto likija tunasema overtime ni nyingi.

Sasa rudini kwenye mpango wangu.

Mmarekani mmoja wa shift yetu akanionyesha wenzake wanavyofanya. Unapanga cabin karibu na mlima, asubuhi ukifungua mlango uko kwenye theluji. Picha zilikuwa na moto ukutani na beseni kubwa la maji ya moto nje. Nikabonyeza. Nikalipa usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi.

Kwa nini sikupanga tulale kwa Yaya? Nitawaambia ukweli kwa sababu nimeahidi. Nilijua tukilala kwake hakuna ski. Ijumaa watakuja watu kutusalimia, Jumamosi asubuhi maombi, mchana tutapelekwa kwa mchungaji, jioni sombe, kisamvu cha kwetu, na picha. Watoto wangerudi shule waseme tena, tulitembelea watu. Nikajiambia Jumapili kabla ya kurudi tutapita kumsalimia. Nikaona hiyo ni akili.

Nikampigia. "Yaya, tunakuja Buffalo. Mimi, Mukubwa, na familia zote."

Akacheka. Halafu nikasikia anapenga kamasi.

"Mutakuja bote?"

"Wote."

"Na bibi ya Mukubwa?"

"Na yeye."

Hakuniuliza tutalala wapi. Mtu wa kwetu haulizi hilo. Ukimwambia dada yako unakuja mji wake, umeshamwambia unalala wapi. Nami nilijua hivyo, na sikusema neno. Nikasema moyoni nitamwambia wiki ijayo.

Wiki iliyofuata akapiga yeye. Akauliza, "Mu batoto, nani anakojoaka bado ku kitanda, nijue godoro ya kumupa?"

Nikajibu, "Wa mwisho."

Wakuu, nilijibu. Nilisikia neno godoro na nikajibu. Kila nikikumbuka hapo natamani kujificha chini ya forklift.

Ijumaa Mukubwa akafika Columbus na van yake imejaa. Tukaomba kwenye parking ya Whitehall, majirani wakichungulia, tukaondoka magari mawili. Safari nzima watoto wanaimba. Tulipofika kando ya lile ziwa lao theluji ikaanza kuonekana kila mahali, na mimi nikatoka highway kabla ya Buffalo, nikafuata GPS kuelekea milimani.

Mukubwa akanipigia kutoka gari la nyuma. "Heri, umepoteza njia?"

"Hapana Mukubwa. Tunaanzia cabin."

"Tunaanzia? Na Mapendo?"

"Yeye Jumapili."

Akakata simu. Alidhani Yaya anajua. Aliponiuliza mwanzo kama Yaya ana habari, nilimwambia "anajua tunakuja," na ilikuwa kweli, kweli ya kona kona.

Tukafika. Cabin nzuri, siwezi kusema uongo. Watoto wanakimbia vyumbani wanachagua vitanda. Simu yangu ikalia. Yaya.

"Mulifika wapi? Fufu nisonge sasa ao ningoje kidogo?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya ule moto wa ukutani. Nikamwambia tumefika, tuko kwenye nyumba.

"Nyumba ya nani?"

"Ya watu tu, Yaya. Tumepanga."

"Mulilipa nyumba. Huku Buffalo."

"Karibu na Buffalo. Kama saa moja."

Nilisikia nyuma yake sauti za wanawake, za kanisani nadhani, wamekuja kusaidia kupika. Zikapungua moja moja, nikajua wanamwangalia.

"Sawa, Heri," akasema. "Mulale salama."

Heri. Hakuwahi kuniita hivyo hata siku ananichapa.

Mukubwa alisikia yote. Alinikalisha jikoni mbele ya bibi yangu na bibi yake. Hakupaza sauti. Alisema, "Huyu mwanamuke alikubeba. Leo umepita mulango yake, ukaenda kulala kwa muzungu hata hayuko ndani." Faida naye akaniuliza taratibu, "Hukumwambia kabisa?" Niliona aibu hata kugusa mkate.

Tukakubaliana hivi: Jumamosi watoto wateleze asubuhi, mchana tufunge mizigo twende kulala kwa Yaya. Cabin iende na pesa yake. Nikampigia kumwambia. Akasema sawa.

Niwape ski kidogo, maana najua kuna watu wamefungua uzi kwa ajili hiyo.

Vile viatu ni jela. Ukivivaa unatembea kama mtu aliyevunjika miguu yote miwili. Nilianguka kabla sijafika kwenye mstari wa wanaoanza. Nikaanguka kwenye mstari. Nikaanguka nimesimama, sijui hata ilikuwaje. Mtoto mmoja wa kizungu, nadhani bado ananyonya, akanipita akiwa anakula biskuti. Mukubwa alikuja na koti la kanisani na viatu vya ngozi, akashika theluji kwa kidole, akasema imetosha, akaenda kukaa ndani na thermos ya chai.

Lakini watoto, wakuu. Watoto walikuwa wanashuka wanacheka. Espérance alijifunza haraka, akawa anapita mbele yangu anapunga mkono. Ningekuwa na roho safi ingekuwa siku nzuri kuliko zote tangu nifike nchi hii. Kila akipunga mkono nilikuwa naona sufuria ya Yaya jikoni.

Mchana theluji ikaanza kumwagika. Siyo ile ya Columbus. Hii ya ziwa inashuka huioni hata pua ya gari lako. Tukafunga mizigo upesi, tukaingia kwenye magari, hatukufika hata barabara kubwa. Polisi wamefunga. Tukarudishwa.

Nikampigia Yaya. Nilitegemea atanifokea, nilitamani anifokee. Akasema, "Musijaribu. Hii theluji naijua. Batoto bakae." Halafu akaongeza, "Chakula nitaiweka ku friji."

Tukalala tena kwenye ile nyumba ya kulipia. Hakuna aliyeingia kwenye beseni la maji ya moto.

Jumapili barabara ikafunguliwa. Tukafika kwa Yaya karibu mchana. Hakuwa ameenda kanisani, alibaki kutungoja. Yaya kukosa ibada, hilo peke yake lilinitosha.

Akafungua mlango amevaa kitenge kipya.

"Karibuni, wageni."

Sebuleni magodoro yamepangwa ukuta hadi ukuta. Juu ya kila moja kuna blanketi limekunjwa na mto. Moja dogo liko kona, limefunikwa nailoni, nikajua ni la wa mwisho wangu. Meza na viti alivisogeza vyote jikoni ili tupate nafasi.

Tukakaa juu ya magodoro kwa sababu hakukuwa na pa kukaa kwingine. Akaleta soda kwenye sinia, ameweka na vitambaa. Faida akainuka kwenda kumsaidia jikoni. Yaya akamwambia kwa upole kabisa, "Ikala, mama. Mugeni haingiake jikoni."

Nyie mnaotoka kwetu mnajua hapo alisema nini. Ndugu hakaribishwi kwa sinia. Ndugu anafunua sufuria mwenyewe na kuulizwa mbona amekonda.

Akatupakulia. Sombe, maharage, ndagala, fufu mpya ya siku hiyo. Kila kitu kitamu. Hakunitukana. Aliniuliza habari za kazi, habari za Ohio, kama vile unavyomuuliza mchungaji mgeni.

Watoto hawakujua chochote. Walikuwa wanaruka kutoka godoro hadi godoro na binti ya Yaya, wanapiga kelele. Mara Espérance akasimama katikati, akahema, akasema mbele ya wote, "Dad, this is so much better than the cabin. Why didn't we sleep here?"

Yaya Kiingereza anakisikia vizuri. Aliniangalia akingoja jibu. Wote waliningoja. Nikasema tutaangalia, neno la kijinga kabisa.

Muda wa kurudi ukafika, Jumatatu sote tuna shift. Nikafikiri tutaagana na kuondoka. Yaya akasema, "Mbele ya kwenda, munisaidie kurudisha bitu bya watu. Mimi peke yangu siwezi kubeba."

Tukapakia magodoro kwenye van ya Mukubwa. Mukubwa akanipa funguo, akasema, "Wewe ndiye utabeba."

Nikaendesha, Yaya ananionyesha njia. Watu walikuwa wametoka ibadani, bado na nguo zao nzuri. Mlango wa kwanza akatoka baba mmoja, akanipa mkono kwa furaha. "Ndiyo huyu Kadogo? Tumesikia habari yako sana." Halafu akamgeukia Yaya. "Wageni walilala vizuri?"

Mimi nimesimama na godoro lake kichwani. Nilikuwa namngoja Yaya aseme. Nilistahili.

Yaya akasema, "Balilala muzuri sana. Mungu akubariki."

Mlango wa pili hivyo hivyo. "Balichoka na safari, balilala mupaka asubuhi." Anasema huku anatabasamu, ananisifu, anasema mdogo wake amekuja na gari kubwa, watoto wamekua. Wale wanawake waliokuwa jikoni kwake Ijumaa walikuwa wanajua. Mmoja wao alipokea sufuria yake macho yakiwa chini, hakuuliza kitu.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa mama mmoja mzee, wanamwita Koko Venansi, koko kwetu ni nyanya. Yeye alikuwa ametoa godoro na blanketi lake zito. Akauliza lile swali, Yaya akajibu lile jibu. Koko akachukua blanketi kutoka mikononi mwangu akaligeuza. Lilikuwa limekunjwa vilevile alivyolikunja yeye, na kamba yake ya kitambaa bado imefungwa fundo.

Akaniangalia. Akamwangalia Yaya.

"Ndiyo," akasema. "Naona mulilala."

Akafunga mlango polepole.

Wakuu, nimetukanwa na masupavaiza, nimewahi kulala rumande Tanzania kwa kutoka kambini bila kibali. Sijawahi kuwa mdogo kama nilivyokuwa pale kwenye ngazi za yule mama mzee.

Ndani ya van nikasema, "Yaya, unisamehe."

Akasema, "Kata hapa, kushoto."

Tulipoagana alinipa chakula cha njiani kwenye vyombo vya kutupa, vile ambavyo mtu hategemei virudishwe.

Nimekaa na hili jambo muda. Nilichojifunza ni kimoja. Hakuna ubaya kumpeleka mtoto mahali, nenda ski, nenda popote. Lakini mji ukiwa na ndugu yako, mji huo una mlango, na unaanzia hapo. Na kama huwezi kulala kwake, mwambie mapema kwa mdomo wako, akukasirikie kabla hajaenda kuomba magodoro. Nilidhani namficha Yaya habari ndogo. Kumbe nilimtuma akajitangaze kwa watu, halafu nikamwacha peke yake nao.

Ananiitikia simu tangu siku ile, ndiyo, kila mara namwomba msamaha na anasema sawa. Ananiita Heri.

Wenye busara nipeni mawazo, na wenye mawe rusheni, nimeshazoea. Kuna mtu humu amewahi kufanywa mgeni na ndugu yake? Ulirudije ndani?

*

Wakuu, narudi baada ya kusoma comments. Asanteni hata mlionitukana. Mkuu mmoja ameandika niache kuomba msamaha kwa simu kama mtu anayefuatilia parcel, nimwombe anipe kazi ya kumfanyia. Sikumwelewa mwanzo.

Jana nikampigia Yaya. Nikamwambia watoto wanaulizia theluji tena, winter ijayo, na wanataka kulala kwake. Nikamwambia sitapanga chochote, apange yeye, anitume anachotaka.

Nikasikia anakatakata kitu jikoni.

"Mukuje," akasema. "Lakini magodoro, mimi siombi tena. Utafika siku moja mbele ya bengine, utapita wewe mwenyewe, mulango kwa mulango. Na utaanzia kwa Koko Venansi. Umesikia, Kadogo?"

Nimesikia. Tangu jana natafuta neno la kuanza nalo pale mlangoni kwa Koko, na bado sijalipata.